Kabla hujashika kisu, nenda kaone mafuta ya jenereta

Alhamisi usiku, nimeshavua viatu, simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa kijana nisiyemfahamu: "Shikamoo dokta. Mimi ni daktari mpya, ajira zimetoka, nimepangiwa wilaya ya pembezoni. Wameniambia huko nitapasua. Naomba pointi kumi, kwa kifupi, maana naripoti Jumatatu."

Marahaba, mdogo wangu. Kumi sina. Na hilo la "kwa kifupi" lilinichoma kidogo, sikufichi, kwa sababu haya machache niliyonayo yalinichukua miaka sita na makaburi kadhaa. Lakini najua wengi mnaonisoma mko njia hiyohiyo. Mmemaliza udaktari, mnataka siku moja muitwe mabingwa wa upasuaji, na kabla ya huo ubingwa ipo hospitali moja yenye bati la kutu inawasubiri. Namjibu yeye, nanyi sikilizeni.

Mimi niliripoti mwaka 2012. Wilaya siitaji, wenyewe bado wapo na baadhi yao wananisoma. Ni magharibi mwa Tanzania, kule ambako masika yakishika, lori moja la mpunga likizama njiani wilaya nzima imefungwa. Kutoka kwetu hadi hospitali ya rufaa ni kilomita 190. Kiangazi mwendo wa saa tano. Masika usiulize.

Nilishuka kwenye basi na begi langu, koti jeupe limepigwa pasi, kichwa kimejaa. Kwenye mafunzo kwa vitendo nilikuwa nimewapasua wajawazito kama thelathini, wote nikiwa na mkubwa wangu pembeni, nami nikajiona fundi. Mganga mfawidhi akanikabidhi kwa mzee mmoja, daktari msaidizi, aliyebakiza miaka mitatu kustaafu. Moyoni nikasema, huyu ndiye wa kunifundisha mimi? Mimi mwenye shahada?

Niseme jambo hapa, maana wasomi wetu hulisahau haraka. Nchi hii ilianza kuwasomesha madaktari wasaidizi mwaka 1963, wakati wazalendo wenye shahada ya udaktari walikuwa wa kuhesabu. Walichukuliwa matabibu waliokwisha kuiva kazini, wakarudishwa darasani, wakafundishwa pamoja na mengine kupasua: uzazi, ngiri, busha, utumbo. Kwa miongo mingi, mwanamke wa kijijini aliyejifungua kwa kisu akarudi nyumbani na mwanawe alikuwa kapita mikononi mwa mmoja wa watu hawa. Ukifika ukamkuta mmoja bado yuko kazini, mwamkie, halafu unyamaze utazame.

Mzee hakunipeleka chumba cha upasuaji siku ile. Alinizungusha nyuma ya jengo hadi kwenye kibanda cha jenereta. Akaokota kijiti, akakichovya kwenye tangi, akakitoa na kunionyesha. Kikavu. Kisha stoo, akagonga mitungi ya oksijeni kwa ukucha, mmoja mmoja. Kisha akafungua friji la damu, akahesabu chupa, akalifunga. Siku ikaisha sijaona kisu. Nikalala nikijua ananidharau.

Wiki ya tatu, saa nane usiku, wakaniita. Uchungu pingamizi, yaani mtoto hawezi kupita, na amechoka. Ganzi ya mgongo ikashika vizuri, nikafungua, nimeshafika kwenye kizazi, umeme ukakatika. Nikasema sawa, washeni jenereta. Mlinzi akaenda, akarudi. Mafuta yalinyonywa mchana kwenda kwenye gari la wagonjwa.

Watu husimulia habari hizi za tochi ya simu kama kichekesho, na ni kweli sista aliuma kitochi chake kwa meno ili mikono yote miwili ifanye kazi. Ila giza ndilo lilikuwa tatizo dogo. Taa zilipozimika, mashine ya kunyonya nayo ilizimika, damu na maji ya uzazi vikajaa pale ninapotaka kushona. Ikazimika na mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja. Stoo tulikuwa na pampu ya kunyonya ya kukanyaga kwa mguu, ya tangu enzi za wamisionari. Ikaletwa mbio. Mpira wake umechanika kwa uzee, unapuliza badala ya kuvuta. Nikakausha kwa gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, nikapapasa kingo za kizazi kwa vidole, nikashona kwa kupapasa.

Mtoto alilia gizani. Mama akatoka salama. Mzee, aliyeamshwa akaja na kandambili, alinitazama nilivyolowa jasho akasema neno moja tu: "Kijiti."

Basi pointi ya kwanza hiyo: kaangalie mwenyewe. Usiulize "mafuta yapo?" kwa sababu utajibiwa yapo. Kwetu hakuna anayependa kumwambia daktari "hakuna" usoni, wanaona ni kukuvunjia heshima. Mafuta yapo, oksijeni ipo, nyuzi zipo, vyote vipo hadi tumbo liwe wazi. Chovya kijiti. Fungua mtungi usikie unapumua. Washa mashine ya kunyonya uweke kidole kwenye bomba lake. Kila siku asubuhi, na kila unapoitwa usiku, hata kama uliangalia jioni.

Na usiniambie hamna muda. Ile orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani, yenye maswali 19 ya kuulizana kwa sauti kabla ya ganzi, kabla ya kukata na kabla mgonjwa hajatoka chumbani, vijana wengi huidharau wakidhani ni mambo ya Ulaya. Ilijaribiwa katika miji minane, na kati ya London, Toronto na Seattle ilikuwemo Ifakara yetu, bonde la Kilombero. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009: kwa miji yote kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi moja tu ya maswali. Sisi tuliichora kwa chaki ubaoni pamoja na hesabu ya gozi, na mhudumu wa usafi ndiye aliyekuwa akiisoma, kwa sauti ya kanisani. Hakuna gozi aliyoisamehe huyo mama. Usiku mmoja alitusimamisha robo saa, tumbo wazi, kwa gozi moja iliyokuja kuonekana imenasa chini ya gamubuti langu.

Kuhusu dawa ya usingizi sitasema mengi, si fani yangu. Mshike vizuri mtaalamu wa usingizi, akiwa ni muuguzi aliyesomea mwaka mmoja au nani. Kule mara nyingi ni mmoja kwa wilaya nzima, akiugua malaria hospitali haipasui. Ketamini itakuokoa sana kwa sababu mgonjwa anaendelea kupumua mwenyewe, ila mjiandae. Mimi nimewahi kutoa ngiri iliyonasa huku mwenye ngiri akiimba mapambio kuanzia mwanzo hadi mshono wa mwisho.

Sasa niwasimulie la mwaka wa pili, maana hili nalisimulia kila nikipata watu wa kunisikiliza.

Aliletwa binti wa miaka ishirini na kidogo, kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na shangazi yake ili asianguke. Kiganja cheupe kama karatasi. Alikosa siku zake mwezi mmoja na nusu, tumbo limemuuma ghafla tangu alfajiri, limejaa. Sindano tumboni, ikatoka damu isiyoganda. Mimba ilitunga nje ya kizazi, mrija umepasuka. Damu yake ikapimwa: 3, wakati mwanamke mzima anatakiwa awe na 12. Friji la damu lilikuwa na chupa moja, tena ya kundi lisilomfaa. Shangazi akapimwa, hapana. Dereva wa bodaboda naye akakunja mkono wa shati, Mungu ambariki, hapana. Sista wa zamu, hapana.

Nikageuka kwa Mzee, nikamwambia hatuna damu.

"Damu anayo," akasema. "Imekaa mahali pabaya tu."

Akaagiza bakuli kubwa lililotakaswa, upawa wa chuma uliotakaswa, na gozi zikunjwe tabaka nane juu ya faneli. Akachukua mifuko ya kutolea damu, ile yenye dawa ya kuzuia isigande. Ganzi ya mgongo tuliikataa, maana mtu ambaye presha imeshaanguka ukimchoma ganzi ya mgongo umemsukuma shimoni. Akapewa ketamini. Nikafungua kitundu kidogo kwanza ili damu isimwagike mezani, nikaingiza upawa. Mdogo wangu, nilikuwa nachota damu ya mtu kama anayepakua mchuzi. Nachota, Mzee anachuja, sista anajaza mfuko. Nikapanua, nikaingiza mkono nikaukamata mrija, nikaubana, nikakata, nikafunga. Kabla sijafika kwenye ngozi mfuko wa kwanza ulikuwa umeshaanza kumrudia mshipani. Ikatoka mifuko mitatu. Ilikuwa damu mbichi, haina harufu, utumbo haujatoboka. Msije mkaichota damu ya siku mbili, au iliyochanganyika na uchafu wa tumbo, mkasema mimi ndiye niliyewatuma.

Asubuhi akaomba uji.

Mumewe alikuwa dagoni anavua. Habari zilimfikia siku ya nne, akaja na jogoo mwekundu. Tulimla na Mzee, nyumbani kwake, na mkewe akacheka hadi machozi aliposikia nilivyoushika ule upawa. Naandika hili kwa majivuno, sikatai. Nimeshafanya upasuaji mkubwa kuliko ule, mahali penye kiyoyozi na taa zisizotoa kivuli, lakini hakuna uliokaa rohoni kama ule. Sokoni wakaanza kuniita Dokta Upawa. Nami nikawa napita sokoni hata nisipokuwa na cha kununua.

Hapo ndipo nilipoharibikiwa.

Haikupita hata wiki mbili. Mzee yuko likizo. Akaletwa baba wa miaka hamsini hivi, tumbo limevimba kama ngoma, haendi haja wala hatoi hewa, siku ya tatu. Utumbo mpana umejisokota. Ilikuwa kiangazi, barabara kavu. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva yupo, mafuta yapo, nilichovya kijiti mwenyewe. Nayataja yote haya makusudi, nisipate pa kujificha. Sista akaniuliza kwa adabu, "Dokta, tusimpe rufaa?" Nikamjibu, "Hadi wafike atakuwa ameshakufa."

Inawezekana ilikuwa kweli. Lakini sikulisema kwa sababu hiyo. Nililisema kwa sababu ya yale majina ya sokoni.

Nikafungua. Sehemu ya utumbo imeshakuwa nyeusi. Nikakata kilichooza, nikaitoa ncha nje ya tumbo apatie haja hapo kwa muda, nikasafisha, nikafunga. Nakwambia upasuaji ulikwenda vizuri. Mkono wangu haukukosea popote, na ndiyo maana haliniishi. Alikufa usiku wa pili, wodini. Wodi ya wagonjwa thelathini na wanane na muuguzi mmoja. Hatukuwa na kipimo cha chumvi za kwenye damu, kwa hiyo maji ya dripu niliyapanga kwa kukisia. Saa tisa usiku mtungi wa oksijeni ukaisha. Wa pili ulikuwepo pembeni, umejaa, nilikuwa nimeugonga mwenyewe kwa ukucha kama nilivyofundishwa. Spana ya kuufungulia haikuonekana.

Nilikimbia kutoka nyumbani na spana ya baiskeli. Haikuingia.

Kijana wake, rika langu, alinipa mkono asubuhi akasema, "Ahsante dokta, umejitahidi." Afadhali angenitukana.

Kwa hiyo pointi ya pili, na nadhani ndiyo ya mwisho: kupasua ni saa mbili, kumuuguza ni siku saba. Kabla hujaamua kupasua, jiulize nani atakaa naye usiku wa pili. Ukikosa jibu na barabara ni kavu, msafirishe. Kama ni mjamzito au kichanga, siku hizi afadhali kidogo, kuna huduma ya m-mama, unapiga 115 bure unatafutiwa usafiri, sisi hatukuwa nayo. Wengine bado ni wewe, dereva na Mungu. Mpe rufaa mapema, hali yake ikiwa bado inaruhusu. Na spana ifungeni kwenye mtungi kwa kamba.

Baada ya hapo niliogopa. Nikawa natoa rufaa hadi ngiri za kawaida, Mzee akarudi likizo akashangaa. Hakunisema. Alinipa tu zamu nyingi zaidi.

Halafu akaja yule wa ajali ya bodaboda, ini limepasuka. Huyu asingefika popote bila kufunguliwa. Nikafungua, nikaligandamiza ini kwa gozi kubwa sita pande zote hadi damu ikasimama, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya plasta tumboni: GOZI 6 NDANI. Nikashona ngozi haraka kwa uzi mnene uliokuwepo, nikampakia, nikapanda naye. Ndivyo inavyotakiwa. Unazuia damu, unafunga, unapeleka kwa wenye uwezo.

Kwenye hospitali ile kubwa aliyopokelewa, bingwa mmoja alifunua shuka asubuhi mbele ya wanafunzi wake, akamuuliza mgonjwa, "Nani amekushona hivi, fundi viatu?" Wakacheka. Mgonjwa akapona, akarudi kwao, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno, kila penye kahawa akaisimulia. Dokta Upawa akafa siku hiyo. Miezi minne watoto wa pale stendi waliniita Fundi Viatu, na mmoja aliniletea ndala imekatika, kwa nia njema kabisa.

Imepita zaidi ya miaka kumi. Yule bingwa huwa tunakutana mikutanoni, tunasalimiana, tunaulizana habari za nyumbani. Hajui kwamba ni mimi. Siku moja nitamwambia. Au basi.

Kwa sababu mimi mwenyewe sasa ni bingwa, nimekaa upande wa kupokea. Mwaka jana waliniletea mama ana mshono wa ajabu, umepinda kama njia ya ng'ombe, na mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka, "Nani ame…" nikameza mate. Nikatafuta namba kwenye barua ya rufaa nikapiga. Akapokea binti, sauti inatetemeka, akijua anapigiwa kugombezwa. Nikamuuliza, taa ilikuwa ngapi? Akasema, "Ya simu, dokta. Na ilikuwa asilimia nane."

Ninyi mnaopokea rufaa, ulizeni taa kwanza. Mkigombeza, mara nyingine hawatakuletea mgonjwa, watakaa naye huko waogope peke yao hadi afe. Na ninyi mnaokata utepe wa majengo, nawaheshimu, vyumba vya upasuaji vimejengwa vingi hadi kwenye vituo vya afya, mimi ninavyo ninavyovijua vinavyong'aa. Lakini chumba bila mtaalamu wa usingizi ni stoo yenye vigae. Mwaka 2015 wataalamu wa dunia walikaa wakasema watu bilioni 5 hawapati upasuaji salama wanaoumudu, na wakaweka kipimo: mtu afike penye upasuaji wa lazima ndani ya saa mbili. Saa mbili! Kwetu kule, saa mbili unakuwa umefika barabara kuu, kama mtumbwi haukuchelewa.

Na wewe uliyepangiwa ukaanza kutafuta mjomba wizarani akubadilishie kituo, sikulaumu, mimi pia nilitafuta, mjomba hakupokea simu. Nenda. Huko ndiko utakakojua kama unapenda kupasua au unapenda kuitwa daktari wa upasuaji. Mjini unaweza kumaliza miaka kumi hujajua.

Nilimwandikia kijana haya yote kwa ufupi wake alioutaka, mistari sita. Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Nikasema amekasirika, au amempata mjomba. Jumatano saa mbili asubuhi ikaingia picha: kijiti, nusu yake imelowa dizeli. Chini yake ameandika:

"Shikamoo dokta. Jenereta lina mafuta. Damu chupa nne. Oksijeni mitungi miwili imejaa. Spana wanasema anayo fundi, ameenda msibani, atarudi Ijumaa."

Nimempigia fundi vyuma mmoja hapa mtaani. Nimetuma spana mbili kwa basi la usiku.